Lamar Hunt: Bwanyenye aliyeivumilia soka hadi runinga ya Marekani ikaikubali

MASHABIKI wengi wa kandanda wanapoizungumzia ligi ya Marekani, majina yanayowajia midomoni ni David Beckham na Lionel Messi. Ni wachache mno wanaomkumbuka Lamar Hunt, bwanyenye wa Dallas aliyeaga dunia Desemba 13, 2006, mwezi mmoja tu kabla ya Beckham kutangaza kwamba angehamia Los Angeles. Hata hivyo, bila fedha za Hunt, na zaidi ya fedha, bila subira yake, yamkini pasingekuwa na ligi ya kuhamiwa na nyota yeyote.

Maisha yake hayatenganiki na safari ya soka katika runinga za nchi hiyo. Kwa karibu miaka 40 aliziona stesheni kubwa zikiikumbatia soka kwa mbwembwe kisha zikaitupa mithili ya ganda la muwa. Kutokana na machungu hayo alijifunza jambo ambalo wenzake wengi walichelewa kulitambua: kamera haiumbi umati, bali huuonyesha uliopo. Uwanja ukiwa mtupu, runinga huutangaza utupu huo kwa taifa zima.

MWANA WA MAFUTA

Hunt alizaliwa Agosti 2, 1932, katika mji wa El Dorado, jimbo la Arkansas. Babake, H.L. Hunt, alikuwa amejitajirisha kwa mafuta ya Texas Mashariki na kuhesabiwa miongoni mwa watu tajiri zaidi duniani. Kijana Lamar hakuvutiwa na visima vya mafuta kama alivyovutiwa na viwanja. Tangu utotoni alizoea kuhesabu alama, kubuni mashindano na kukariri takwimu, hata jamaa zake wakambandika jina la utani lenye maana ya Michezo.

Alisomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Southern Methodist jijini Dallas. Huko alikuwa katika kikosi cha kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, lakini aghalabu alikuwa mchezaji wa akiba. Pamoja na utajiri wote uliomzunguka, alijulikana kwa maisha ya kawaida: alisafiri katika viti vya bei nafuu vya ndege na kuvaa viatu hadi vikatoboka soli.

Mnamo 1959 alijaribu kununua timu katika ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, NFL, akakataliwa. Wengi wangekata tamaa. Hunt aliamua kuunda ligi yake mwenyewe. Ligi hiyo, AFL, iling'oa nanga 1960 ikiwa na timu nane, naye akamiliki ile ya Dallas.

Hapo ndipo nguvu za runinga zilipomdhihirikia. AFL ilitia saini mkataba na stesheni ya ABC, na mapato yakagawanywa kwa usawa baina ya timu zote, kubwa kwa ndogo. Mwaka wa 1964 stesheni ya NBC iliahidi kuilipa ligi hiyo changa dola milioni 36 kwa miaka mitano. Fedha hizo ziliiwezesha AFL kushindania wachezaji bora na wakubwa wao, hadi NFL ikalazimika kukubali muungano mwaka wa 1966. Timu ya Hunt, iliyokuwa imehamia Kansas City 1963 na kuitwa Chiefs, ilicheza fainali ya kwanza baina ya ligi hizo mbili Januari 1967. Jina la Super Bowl ambalo fainali hiyo huitwa hadi leo lilibuniwa naye, akiongozwa na mpira mdogo wa kudunda ambao watoto wake waliuchezea nyumbani.

Husimuliwa kwamba babake alipoambiwa kuwa mwanawe alikuwa akipoteza dola milioni moja kila mwaka katika michezo, mzee huyo alijibu kwamba kwa mwendo huo ingemchukua Lamar zaidi ya karne moja kufilisika. Kisa hicho kilichekesha wengi, lakini kilibeba ukweli ambao soka ilikuja kuutegemea: huyu alikuwa mtu anayeweza kumudu hasara.

RUNINGA KABLA YA MASHABIKI

Julai 30, 1966, Uingereza iliifunga Ujerumani Magharibi 4-2 katika fainali ya Kombe la Dunia ugani Wembley. Mechi hiyo ilionyeshwa Marekani, na wawekezaji wakaamini kwamba wamegundua dafina. Punde si punde makundi mawili hasimu yakajitokeza. Moja lilikuwa na baraka za FIFA lakini halikuwa na mkataba wa runinga wa kitaifa. La pili lilikuwa na mkataba wa stesheni ya CBS, ila FIFA ililiona kuwa haramu.

Hunt alikuwa katika kundi la kwanza. Kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuunda timu, kundi hilo liliziagiza klabu nzima kutoka ng'ambo kucheza msimu wa 1967 kwa majina ya miji ya Marekani. Dundee United ya Scotland ndiyo iliyovaa jezi za Dallas Tornado, timu ya Hunt.

Kule CBS mambo yalikwenda mrama mapema. Soka haina mapumziko ya mara kwa mara kama michezo ambayo Wamarekani waliizoea, na stesheni ililazimika kutafuta nafasi za matangazo ya biashara. Mwamuzi mmoja alikiri kwamba alipuliza filimbi za madhambi katika mechi ili tu matangazo hayo yapate kupita. Danny Blanchflower, nahodha wa zamani wa Tottenham na Ireland Kaskazini aliyeajiriwa kuchambua mechi, alisema wazi kwamba kiwango cha mchezo kilikuwa duni, na wakubwa hawakufurahia. Watazamaji nao walijionea viti vitupu katika viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya michezo mingine.

Makundi hayo yaliungana Desemba 1967 na kuunda ligi ya NASL yenye timu 17. Mwaka wa 1968 Dallas Tornado, sasa ikiwa na vijana wake yenyewe, ilishinda mechi mbili pekee kati ya 32. Msimu ulipokwisha CBS ilijiondoa. Wamiliki nao wakakimbia, na kufikia 1969 zilisalia timu tano tu. Tornado ilikuwa mojawapo.

Kusalia huko ndiko kulikompambanua Hunt. Pamoja na wasimamizi wa ligi, Phil Woosnam na Clive Toye, aliihifadhi NASL wakati ambapo kuifunga kungekuwa jambo rahisi na la busara kibiashara. Mwaka wa 1971 subira ilimvutia heri ndogo. Katika nusu-fainali Tornado ilikutana na Rochester Lancers kwa sheria kwamba bao la kwanza katika muda wa ziada ndilo lingeamua mshindi. Mechi ya kwanza ilidumu dakika 176 kabla ya Rochester kupata bao. Dallas iliamka, ikashinda mechi mbili zilizofuata, kisha ikaishinda Atlanta Chiefs na kutwaa ubingwa. Ni Wamarekani wachache mno waliopata kuliona tukio hilo katika runinga.

RANGI YA KIJANI

Juni 1975 klabu ya New York Cosmos, iliyomilikiwa na kampuni ya Warner, ilimsajili Pele. Mechi yake ya kwanza ilipigwa Juni 15 katika uwanja wa Downing jijini New York, na wapinzani walikuwa Dallas Tornado ya Hunt. CBS ilirejea na kamera zake. Kwa kuwa uwanja ulikuwa na vipara vya udongo, wasimamizi waliupaka rangi ya kijani ili upendeze machoni pa watazamaji. Pele alifunga, mechi ikaisha 2-2, na baadaye rangi ile ikaonekana miguuni mwake.

Rangi hiyo yaweza kuchukuliwa kuwa kielelezo cha miaka iliyofuata. Cosmos ilivuta umati wa watu 77,691 katika mechi moja Agosti 1977, na kila mwekezaji akataka kipande cha keki. Kufikia 1978 NASL ilikuwa imepanuka hadi timu 24, nyingi zikiwa katika miji isiyo na mazoea ya soka. ABC ilianza kupeperusha mechi zake 1979. Kamera zilipoondoka New York na kufika katika viwanja vya viti elfu sitini vyenye watu elfu chache, rangi ilichujuka. Idadi ya watazamaji ilikuwa ya chini, na baada ya msimu wa 1980 ABC iliacha.

Mwaka huo huo wa 1980 familia ya Hunt ilitikiswa na janga jingine. Nduguze Nelson Bunker na William Herbert, waliokuwa wamelimbikiza madini ya fedha kwa wingi, walipata hasara kubwa bei ilipoporomoka mwezi Machi. Lamar naye aliguswa na mkasa huo. Tornado ilicheza msimu wake wa mwisho 1981 baada ya miaka 15, na NASL yenyewe ikacheza mechi zake za mwisho 1984.

Mtu angedhani kwamba hadithi imekwisha. Hunt hakuhitaji soka ili kujulikana. Alikuwa ameingizwa katika jumba la heshima la kandanda ya Kimarekani 1972. Mwaka huo huo shirika lake la tenisi, WCT, liliandaa jijini Dallas fainali baina ya Ken Rosewall na Rod Laver, ambayo NBC iliipeperusha na ambayo husifiwa kwa kuufanya mchezo huo upendwe nchini humo. Jumba la heshima la soka lilimpokea 1982, wakati ambapo yeye hakuwa tena na timu yake ya Tornado.

WAYA KUTOKA BRISTOL

Wakati NASL ikififia, mbegu nyingine ilikuwa ikipandwa katika mji mdogo wa Bristol, jimbo la Connecticut. Septemba 7, 1979, kituo kipya kwa jina ESPN kilianza kurusha michezo pekee kupitia runinga ya kebo. Mfumo huu ulikuwa tofauti na wa stesheni kubwa. Matangazo yalifika nyumbani kwa waya, familia ikalipa ada ya kila mwezi, na kituo kikapata sehemu ya ada hiyo mbali na pesa za matangazo ya biashara.

Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa soka. Stesheni kubwa ilihitaji mamilioni ya watazamaji kwa wakati mmoja, la sivyo wafadhili wangeondoka. Kituo cha kebo kilikuwa na saa nyingi za kujaza na kingeweza kuridhika na kundi dogo lenye mapenzi ya dhati. ESPN ilionyesha baadhi ya mechi za Kombe la Dunia la 1982, na 1986 ikashirikiana na NBC. ABC iliinunua ESPN 1984. Kombe la 1990 lilionyeshwa na kituo kingine cha kebo, TNT.

Julai 4, 1988, FIFA iliikabidhi Marekani uandalizi wa Kombe la Dunia la 1994. Mechi zote 52 zilionyeshwa na ABC pamoja na vituo vya ESPN, na tatizo lililomfanya mwamuzi wa 1967 apulize filimbi za uongo likapata dawa: mchezo haukukatizwa, bali nembo za wafadhili ziliwekwa kando ya saa kwenye skrini. Viwanjani, ukiwemo Cotton Bowl wa Dallas, watu walifurika kwa wastani wa karibu 69,000 kwa kila mechi.

Kutokana na ahadi iliyotolewa kwa FIFA, ligi mpya ya kulipwa, MLS, iliundwa na kuanza 1996 ikiwa na timu kumi. Hunt, akiwa na umri wa miaka 63, alichukua mbili: Columbus Crew na ile ya Kansas City. Mechi ya ufunguzi ilichezwa Aprili 6 mjini San Jose mbele ya kamera za ESPN. Ilielekea kuisha bila bao, jambo ambalo wenye ligi waliliogopa kuliko kitu chochote, hadi Eric Wynalda alipoifungia San Jose Clash dhidi ya D.C. United zikiwa zimesalia dakika mbili.

NYUMBA KWANZA

Furaha ya msimu wa kwanza haikudumu. Columbus Crew ilikuwa ikitumia uwanja wa chuo kikuu uliomeza watu wapatao 90,000. Hata mashabiki 15,000 walipofika, runingani walionekana kama punje za mtama zilizomwagika sakafuni.

Hunt alikuwa ameyaona hayo tangu 1967. Mwaka wa 1997 wapiga kura wa Columbus walikataa pendekezo la kutoza kodi ya kugharimia uwanja mpya. Aliamua kuujenga kwa fedha za kibinafsi katika ardhi ya maonyesho ya jimbo la Ohio, kwa gharama ya takriban dola milioni 28.5. Haukuwa na madaha. Viti vingi vilikuwa vya mbao za chuma, na paa halikuwapo. Lakini ulipofunguliwa Mei 15, 1999, watu 24,741 waliujaza pomoni, Crew ikaishinda New England 2-0, na kwa mara ya kwanza ligi hiyo ilikuwa na uwanja mkubwa uliojengwa mahususi kwa ajili ya soka.

Hapo runinga ilipata picha ambayo rangi ya kijani ya 1975 haikuweza kuiumba. Ilidhihirika zaidi Februari 28, 2001, Marekani ilipoicharaza Meksiko 2-0 katika uwanja huo usiku wa baridi kali, kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Kelele zilizosikika zilikuwa za wenyeji, jambo lililokuwa nadra katika mechi za mahasimu hao. Mwaka ule wa 1999 pia, kombe kongwe la soka nchini humo, US Open Cup, lililoanza 1914, lilipewa jina lake.

WATATU WALIOSALIA

Jaribio kuu lilikuja mwishoni mwa 2001. Ligi ilikuwa imepoteza mamilioni ya dola na baadhi ya wamiliki walitaka kuifunga. Januari 2002 timu mbili za Florida, Miami Fusion na Tampa Bay Mutiny, zilivunjwa. Mzigo wa timu kumi zilizosalia uliangukia mabega ya watu watatu: Philip Anschutz, Robert Kraft na Hunt. Mwaka wa 2003 Hunt alichukua pia timu ya Dallas, akawa na tatu.

Badala ya kupunguza gharama pekee, watatu hao walifanya jambo lililowashangaza wengi. Kupitia kampuni mpya ya Soccer United Marketing walinunua haki za matangazo ya Kiingereza nchini Marekani za Kombe la Dunia la 2002 na la 2006, kisha wakazifungamanisha na mechi za MLS katika mkataba na ABC na ESPN. Hapakuwa na foleni ya wanunuzi. Mechi za 2002 zilichezwa Korea Kusini na Japan, saa za usiku wa manane na alfajiri kwa Mmarekani. Hata hivyo Marekani iliilaza Ureno 3-2, ikaitoa Meksiko na kufika robo-fainali, ambako ilifungwa na Ujerumani 1-0. Maelfu kwa maelfu walikatiza usingizi kutazama.

Mgala muue na haki mpe, na haki ina pande mbili. Mfumo huo ambapo ligi yenyewe humiliki mikataba ya wachezaji, na watu watatu kumiliki timu zote, haukuwapendeza wachezaji. Waliishtaki ligi 1997 wakidai kwamba mishahara yao ilibanwa, wakashindwa mahakamani. Ni kweli pia kwamba Hunt hakutoa sadaka. Alikuwa mfanyabiashara aliyetarajia faida siku moja. Tofauti ni kwamba alikubali siku hiyo iwe mbali.

MAVUNO

Soko lilibadilika haraka kuliko ilivyotarajiwa. Novemba 2005 ABC na ESPN zilikubali kuilipa FIFA dola milioni 100 kwa haki za Kiingereza za Kombe la 2010 na la 2014, huku kituo cha Kihispania cha Univision kikilipa dola milioni 325. Agosti 2006 ESPN ilitia saini mkataba wa miaka minane na MLS. Kwa mara ya kwanza ligi hiyo ingelipwa ada ya maana kwa mechi zake badala ya kugharimia yenyewe muda wa hewani.

Hunt aliyaona hayo akiwa mgonjwa wa saratani ya tezi dume. Mwaka uliotangulia alikuwa amefungua uwanja wa pili wa soka mjini Frisco, Texas, kwa ajili ya FC Dallas. Mwaka wa 2006 aliiuza timu ya Kansas City kwa wenyeji wa huko. Alifariki Dallas akiwa na umri wa miaka 74.

Aliyoyaacha yaliendelea kukua. Mwaka wa 2010 ESPN ilipeleka kikosi kikubwa Afrika Kusini na kuzitangaza mechi za kombe la kwanza barani Afrika kwa heshima iliyostahili. Ilikuwa na mechi za MLS hadi 2022, kabla ya mkataba mpya wa ligi hiyo na kampuni ya Apple kuanza 2023, uliotangazwa kuwa na thamani ya angalau dola milioni 250 kwa mwaka. Juni 2022 Arrowhead, uwanja wa Chiefs jijini Kansas City, ulichaguliwa kuwa miongoni mwa viwanja vya Kombe la Dunia la 2026.

Wakenya nao wamekula matunda ya mti huo. Lawrence Olum aliichezea Sporting Kansas City, klabu ile ile ambayo Hunt aliianzisha 1996 na iliyobadilishwa jina baada yake. Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, alijiunga na Montreal 2020 katika ligi ambayo miaka 18 awali ilikuwa imekaribia kuzikwa.

Papo kwa papo, kamba hukata jiwe. Katika miaka ya 1967 na 1979 palikuwa na matajiri wenye fedha kama za Hunt na stesheni zenye nguvu kuliko ESPN, lakini walitaka mavuno kabla ya kulima. Yeye alijenga kwanza nyumba ya mchezo, akangoja watu wajae, ndipo akafungua mlango na kuzikaribisha kamera.